Akili Saba Ulizotugawia Krismasi

Kitandililo,
Makambako,
Mkoa wa Iringa.

Jumapili, 21 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Yonathani,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tatu kimepona kabisa. Sisi huku hatujambo. Mama kule Tandala anaendelea vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua kila asubuhi, na bado hataki kusikia habari ya kuacha kulima. Shemeji yako yuko safarini Songea na lori, atarudi katikati ya wiki Mungu akipenda. Nahumu wangu anarefuka kila kukicha, suruali za mwaka jana zote zimegeuka kaptura.

Baridi ya mwaka huu usiulize. Sakitu, ile barafu ya alfajiri, imeunguza viazi Njombe nzima, na kaka Rodrick analia na shamba lake. Hapa Makambako afadhali kidogo, lakini upepo wake unaujua, unapenya mpaka kwenye mfupa. Darasani watoto wanaandika huku wamefumbata mikono kwapani, mwandiko wao sasa siwezi hata kuusema.

Na wewe je? Uingereza kwa sasa ni kiangazi, umepata kuona jua? Unga unapata? Haya, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nimekasirika na sitaki kuificha hasira yangu katikati ya habari za viazi.

Nimekukasirikia wewe. Kaka Rodrick nimemkasirikia pia, ila yeye naonana naye kila Jumamosi anapokuja kununua magunia, namwambia usoni. Wewe uko mbali, inabidi nitumie wino.

Tabea hayupo shule. Ndiyo, Tabea wa kaka, binti anayekuita baba mdogo. Yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, na wenzake wamefungua shule tangu mwanzoni mwa mwezi huu. Yeye yuko hapa kwangu, amekaa jikoni hivi ninavyokuandikia. Baba yake alimleta likizo ya Juni ajifunze cherehani, na shule zilipofunguliwa akasema hakuna haja ya kumrudisha. Ukimwuliza kwa nini hakuna haja, anakutaja wewe.

Unaikumbuka Krismasi? Najua unaikumbuka, maana uliondoka ukisema hujafurahi namna ile tangu uende Ulaya. Tulikuwa wote nyumbani Tandala, ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, umejaa madumu, na kaka amebeba gunia zima la viazi kutoka kwake Mjimwema, Njombe, kana kwamba huko kwetu Makete hatulimi viazi. Baada ya ibada ukawaita watoto wote sebuleni ukawapanga mstari. Ukatoa vile vipande vyako vya mbao vya kupanga, ukatoa filimbi, ukatoa makaratasi. Ukatueleza sisi wakubwa kwamba wataalamu wa huko wamegundua mtu hana akili moja, anazo saba: ya maneno, ya hesabu, ya maumbo na picha, ya muziki, ya mwili na mikono, ya kuelewana na watu, na ya kujielewa mwenyewe. Ukasema shule zetu zinapima mbili tu, tano zinatupwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikakupigia makofi kuliko watu wote. Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi, na siku ile nilisikia mtu anasema jambo nililokuwa nalo moyoni bila kulijua jina.

Ungeishia pale, leo ningekuwa nakuandikia barua ya kukupongeza. Lakini weee! Ukaanza kugawa.

Yosefu wa kaka ulimwuliza lori linabeba magunia mangapi, akajibu kabla hujafunga mdomo. Huyu akili ya hesabu. Nahumu wangu alikuwa anawachekesha wenzake kwenye mstari. Huyu akili ya kuelewana na watu. Ukafika kwa Tabea, ukamwambia atusimulie hadithi yoyote anayoipenda. Akapiga goti, akaangalia chini, kimya. Ukamwuliza tena kwa upole, akasema, "Ndiyo, baba mdogo," basi. Ukampa vile vipande, akavipanga haraka kuliko wote. Baadaye ukamfuata jikoni ukamkuta anamenya viazi, ganda linashuka refu bila kukatika, ukakimbilia kamera ukaipiga picha ile mikono. Kisha ukarudi sebuleni ukasema, mbele ya Mama, mbele ya kaka, mbele ya mkewe wifi Feliciana, "Huyu binti akili yake iko mikononi. Msimlazimishe na vitabu."

Yonathani! Msimlazimishe na vitabu! Ukamwambia hivyo kaka Rodrick, mtu ambaye tangu Baba afariki hapitishi jambo la familia bila kukuuliza wewe msomi. Ulidhani atayafanyia nini maneno hayo?

Kwako yalikuwa mazungumzo ya sikukuu. Kwake ulikuwa uamuzi, umetolewa siku ya Krismasi, Mama yupo, ndugu wote wapo, na aliyeutoa ana digrii. Nyumbani kwetu jambo likisemwa hivyo halijadiliwi tena, linatekelezwa. Umesahau? Shamba la bondeni liligawanywa hivyo. Hata wewe kwenda seminari badala ya kubaki kulima ilisemwa hivyo hivyo, Krismasi, na Baba, na hakuna aliyefungua mdomo tena. Kama kuna mtu duniani anayepaswa kujua uzito wa neno lililosemwa sebuleni kwetu siku ya Krismasi, ni wewe.

Ile picha uliyoituma Februari kaka ameitia kwenye fremu. Iko ukutani sebuleni kwake Mjimwema, karibu na kalenda ya kanisa. Mgeni akifika anaonyeshwa. Eti hii ndiyo akili ya binti yangu, iligunduliwa na mdogo wangu aliye Uingereza. Nimeitazama sana. Inaonyesha mikono, kisu, ganda la kiazi, na kipande cha kanga. Uso haumo.

Sasa ngoja nikwambie kile ambacho hukukiona.

Tabea amelala nyumbani kwangu mwezi mzima na zaidi, na huku kwangu amri za Mjimwema hazifiki. Mtoto huyu anaongea! Anaongea akiosha vyombo, anaongea akichota maji, anamsimulia Nahumu hadithi mpaka Nahumu anasahau kula. Akisoma kitabu lazima asome kwa sauti huku anatembea uani, ukimkalisha kitini haoni kitu. Nilimshangaa. Nikamwuliza, ile Krismasi ilikuwaje ukaganda mbele ya baba mdogo? Akaniambia bila hata kulalamika kwamba asubuhi ile mama yake alimwonya: baba zako wakubwa kwa wadogo watakuwepo wote, usije ukatuaibisha ukaonekana una mdomo. Basi akatii. Ulimpima utii wake ukauita upungufu wa maneno.

Na wewe unajua, mdogo wangu. Umelelewa nyumba ile ile. Wewe na kaka mlipoulizwa jambo na Baba mliambiwa mjibu kwa sauti, mseme kama wanaume. Mimi nikijibu zaidi ya ndiyo na hapana nilifinywa. Yosefu naye amefundishwa kusema, Tabea amefundishwa kunyamaza, halafu ukaja kutoka ng'ambo ukawapanga mstari mmoja ukawauliza swali moja.

Hiyo mikono nayo, hebu fikiri. Mtoto amemenya viazi tangu akiwa hajui kuvaa viatu vizuri. Yosefu hajawahi kushika kisu cha jikoni, Yosefu anapanda lori na baba yake kwenda kupakia lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, kazi yake kuyahesabu. Angeshindwaje kujibu swali la magunia? Ulichokigundua wewe ni kazi tulizowapa. Tuliwapa sisi wenyewe, mmoja lori na mwingine jiko, na wewe ukatuambia ni akili walizozaliwa nazo.

Yosefu sasa yuko kidato cha kwanza shule ya kulipia. Hakuchaguliwa ya serikali, lakini kwa kuwa ana akili ya hesabu kaka akasema pesa yake haitapotea. Simlaumu sana kaka kwa hilo. Sekondari siku hizi kila kitu ni kuchangia, na bei ya viazi tangu kila mtu aruhusiwe kununua na kuuza haitabiriki, leo juu kesho chini. Uwezo wa kumsomesha mmoja anao, wa kusomesha wawili hana uhakika nao. Zamani jambo hilo lingemkosesha raha, angezunguka kuomba ushauri, angenijia mimi, angekwenda kwa mchungaji. Safari hii hakuhangaika hata kidogo. Ulimpa sababu, tena ya kisomi.

Nahumu naye nisimsahau. Nikimwambia aketi afanye mazoezi ya sayansi ananijibu kwamba akili yake ni ya kuelewana na watu, kwa hiyo anakwenda kuelewana nao uwanjani. Huyo nimemmudu kwa fimbo ya kuonyesha tu. Lakini ona lilikofika.

Usije ukadhani napinga elimu yako. Yale makaratasi uliyoniachia niliyasoma yote, na kamusi pembeni. Januari nikaanza kuyatumia. Nina darasa la nne, watoto zaidi ya tisini, madawati yanatosha nusu, wengine wanakaa chini kwenye mifuko ya saruji. Nilifundisha sehemu kwa kukata viazi, tukaimba jedwali la saba kwa kupiga makofi, tukachora ramani ya Makambako uwanjani kwa majivu, reli hapa, njia panda pale. Kuna kijana anaitwa Hassani, baba yake ni utingo wa malori, mtoto aliyekuwa hajui hata tatu mara nne. Ile ya kupiga makofi ilimwingia, akawa anaifundisha mtaani kwao. Nilifurahi mpaka nikalia.

Basi Mwalimu Sila, mkuu wetu wa shule, akasikia watoto wanaimba hesabu, akaja kuuliza. Nikamweleza. Loo, afadhali ningenyamaza! Wiki iliyofuata akatangaza mstarini kwamba shule yetu sasa inafuata utaalamu wa kisasa, na kila mwalimu apange watoto darasani kwa akili zao. Walimu wakapanga. Wenye akili za maneno na hesabu mbele, kwenye madawati. Wenye akili za mikono nyuma, chini. Halafu ikaonekana kwamba hawa wa nyuma, kwa kuwa akili zao ni za mikono, ndio wanaofaa kuchota maji ya nyumba za walimu na kulima bustani ya mkuu. Hassani yuko huko. Mchana kutwa yuko na jembe. Jedwali la saba analijua lote na hakuna anayemwuliza.

Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Sila kulalamika. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Mwalimu Idda, mbona wewe ndiye uliyetuletea?" Nilitoka mle kwa hasira. Tangu siku hiyo kila nikiwaona wale watoto na ndoo kichwani nakukumbuka wewe, na si kwa mema.

Halafu mtihani wenyewe, baba, umebaki ule ule. Darasa la saba wanapewa karatasi wachague herufi. Hakuna sehemu ya kupiga makofi. Hakuna swali la viazi. Mtoto niliyemfundisha kwa kuimba itabidi aimbe kimoyomoyo huku msimamizi anamkodolea macho. Ninyi mnaoandika juu ya akili saba, mbona hamuanzi na wanaotunga mtihani? Mbona mnaanza na binti aliyeko jikoni?

Nirudi kwa Tabea, maana bado hujasikia la mwisho.

Kaka alimpeleka kwa Bi Rukaya, fundi cherehani anayekaa barazani kwa duka la Mzee Abdulatif, karibu na stendi. Bi Rukaya ni mtu wa Tanga, mcheshi, ana kelele, na kwa kusema kweli alitaka zaidi msichana wa kumwashia pasi ya mkaa kuliko mwanafunzi. Tabea akaanza. Mikono ile ya kwenye fremu ikagusana na cherehani, vikakataana siku ile ile. Uzi unakatika, sindano zinavunjika, mshono unapinda unaelekea stendi. Mara akakata gauni la harusi la mteja, mikono ya gauni yote miwili ikatoka ya kushoto. Bi Rukaya alinifuata mpaka nyumbani kunieleza, kitambaa kiko begani. "Mwalimu, mtoto wako ana adabu, nampenda, lakini cherehani haimtaki. Tena anawasomea wateja gazeti, wananijazia baraza hawashonishi kitu!" Alikuwa anacheka na amekasirika kwa pamoja. Akamrudisha.

Mimi moyoni nikasema asante Mungu. Nikadhani sasa kaka atafunguka macho. Jumamosi ya jana nikamfuata dukani kwa Mzee Abdulatif, anachagua magunia, nikamweleza yote tangu mwanzo, la kunyamaza Krismasi, la cherehani, la gazeti. Nikamwambia kaka, umeona mwenyewe, ile ya mikono haikuwa kweli, tumrudishe mtoto shule.

Unajua alinijibu nini? Aliweka gunia chini, macho yakamlegea kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, wala hakuwa na ubaya. Akasema, "Kumbe hata ya mikono hana. Masikini mwanangu."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya Julai. Yaani badala ya kutilia shaka kipimo, amemwondolea mtoto na ile moja aliyokuwa amebakiziwa! Nikapandwa na hasira pale pale. Nikamwambia Yonathani alikosea. Akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani. "Idda, usinichoshe. Mwenzako amekwenda Ulaya kusomea kupima akili. Wewe mwalimu wa hapa Makambako utampinga na nini? Yonathani mwenyewe akiniambia alikosea, hapo nitasikia." Mzee Abdulatif aliacha kuhesabu magunia, akajifanya anatafuta kalamu. Mimi nikaondoka bila kuaga.

Limeniuma sana hilo, sikufichi. Nimefundisha watoto wa watu nusu ya maisha yangu, nawajua kwa kukohoa tu huyu ni nani, na neno langu halifiki kwa kaka yangu mwenyewe. Lako la mchana mmoja, na glasi ya ulanzi mkononi, limekaa kwenye fremu.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho Jumatatu asubuhi napanda basi na Tabea kwenda Njombe, namkabidhi shuleni kwake mwenyewe. Mwalimu Sila amenikatalia ruhusa, nakwenda hivyo hivyo, na akitaka aniandikie barua ya onyo nitaiweka pamoja na zako. Kaka kesho atakuwa Igwachanya kununua viazi. Wifi Feliciana anajua. Aliniletea ujumbe kwa dereva wa basi kwamba sare ya mtoto ameshaifua na kuipiga pasi, maneno hayo tu. Yeye naye si mtu wa maneno mengi mbele ya mumewe, nadhani sasa unaelewa ni kwa nini.

Kaka akirudi atakuta binti yuko darasani. Atafoka. Akimtoa tena nitamfuata tena, lakini siwezi kuwa napanda basi la Njombe kila wiki mpaka Septemba, na siwezi kushindana na fremu. Hapo ndipo wewe unapoingia.

Barua hii ikikufika, usiniandikie mimi kuniomba radhi. Sihitaji. Piga simu dukani kwa Mzee Abdulatif, namba unayo, Jumamosi saa nne asubuhi ya huku, kaka huwa yupo kila Jumamosi. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Usimweleze nadharia! Nakuonya, usianze kumweleza kwamba akili zinachanganyika, kwamba mazingira, kwamba utafiti unaendelea. Ukimweleza hivyo atasikia lile analolitaka. Sema, kaka, nilikosea juu ya Tabea, afanye mtihani, na akifaulu aende. Hayo tu. Halafu kama una roho, mwambie aiondoe ile picha, au aweke nyingine yenye uso wa mtoto.

Wala usimtafutie Tabea akili nyingine mahali pa ile. Najua unavyofikiri, umeshasoma hapo juu kwamba anapenda kusimulia na kusoma kwa sauti, umeshaanza kuandika pembeni kwamba kumbe ni ya maneno. Acha! Sijui akili yake ni ipi na nimechoka kuzihesabu. Ninachojua ni kwamba anataka kusoma, na ana miaka kumi na nne.

Basi, nimepumua kidogo. Karatasi nayo inakwisha.

Mama anakusalimu sana, anasema ule mtandio uliomletea anauvaa kanisani tu, shambani hathubutu. Shemeji yako anakusalimu. Nahumu anakusalimu na anaomba mpira wa miguu, nimemwambia aelewane na wewe mwenyewe. Wifi Feliciana anakusalimu, alinisihi nisikuandikie kwa ukali, na hapa unaposoma ujue nimejizuia. Bi Rukaya hakujui, lakini anasema huyo mpima akili akija Makambako apite barazani kwake, kuna gauni anataka alivae.

Tabea nilimwuliza kama ana salamu. Alinyamaza, nikadhani ni ile adabu ya Mjimwema imemrudia. Kumbe anafikiri. Jumamosi alikuwa na mimi pale dukani, amesimama nje karibu na cherehani, na maneno ya baba yake aliyasikia yote. Akaniambia, "Shangazi, mwulize baba mdogo. Zile akili zilikuwa saba. Kama ya mikono nayo si yangu, mimi nimebaki na ipi?"

Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama anavyouliza mtoto darasani, anasubiri jibu ili aliandike. Nikamwambia swali hilo ni la baba yako mdogo, atakujibu yeye.

Kwa hiyo kaka ukimpigia simu, mtoto mwandikie. Barua yake peke yake, uielekeze shuleni kwao Njombe, na juu ya bahasha uandike jina lake, si la baba yake wala langu. Ataifungua mwenyewe.

Mungu akulinde huko ugenini, akuponye kifua, na akurudishe nyumbani salama, ukaketi jikoni na watoto kabla hujawaita sebuleni.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nikiwa nimekukasirikia hivi,

Idda